Maswali Niliyouliza Nikiwa Bado Kigoma

Mwalimu anayetaka kwenda kufundisha nje ana nguvu moja ambayo wengi hawaihesabu: bado yuko kwao. Bado ana kazi, hata kama mshahara ni mdogo. Ana pa kulala, ana ndugu wa kumshauri, na mwajiri wa ng'ambo hajajua kama atakubali au atakataa. Siku akishuka uwanja wa ndege huko aendako, viza ikiwa imeombwa na shule, nyumba ikiwa ya shule na tiketi ikiwa imelipwa na shule, nguvu hiyo imekwisha. Ndiyo maana nasema mazungumzo yote ya maana na mwajiri yafanyike kabla ya saini, tena kwa maandishi. Mimi niliyafanya nikiwa Kigoma. Naandika yalivyokwenda kwa sababu napokea ujumbe mwingi kutoka kwa walimu wa Kasulu, Kibondo, Uvinza na hata Tabora, kila mmoja ana mkataba mkononi na amepewa siku chache za kujibu.

Nilikuwa nafundisha Hisabati na Fizikia katika sekondari moja ya binafsi hapa manispaa ya Kigoma Ujiji. Mwanzoni mwa 2024 mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa wakala wa ajira Dar es Salaam alinipigia, akasema kuna shule Sharjah, Umoja wa Falme za Kiarabu, inatafuta walimu wa sayansi. Usaili ulifanyika kwa video na ulikuwa wa kweli. Mkuu wa idara aliniuliza namna ninavyofundisha milinganyo ya kwadratiki kwa mtoto asiyependa hesabu, na nilifurahi kujibu. Baada ya usaili yule wakala ndiye aliyeanza mambo yake. Kwanza alitaka nimtumie ada ya usajili. Pili akasema nisisubiri kibali cha kazi, niingie kwa viza ya matembezi, "mengine yatamaliziwa hukohuko."

Hayo mawili yalitosha. Sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu, ile ya mwaka 2021 iliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2022, inakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Na mtu anayefanya kazi kule kabla kibali hakijatoka anavunja sheria yeye mwenyewe pamoja na aliyemwajiri. Shule ikimgeuka, hana pa kwenda kulalamika. Kwa upande wetu, wakala binafsi wa ajira anatakiwa awe na leseni inayotolewa chini ya Kamishna wa Kazi. Nilimwomba anitumie picha ya leseni yake. Alinitumia picha ya ofisi. Nikatafuta anwani ya shule kwenye tovuti yao wenyewe, nikawaandikia, nikauliza kama nafasi ipo na kama naweza kuendelea nao bila mtu wa kati. Walijibu kuwa inawezekana, na kuwa wao hawatozi mwombaji senti.

Mkataba ulikuja Mei. Niliuchapisha kwenye steshenari pale Mwanga, maana mkataba wa kurasa nyingi hausomeki vizuri kwenye simu. Unateleza, unafika kwenye nafasi ya saini kabla hujaelewa ukurasa wa pili. Nikaupeleka kwa mjomba wangu Kibirizi.

Mjomba ana kipe, ile mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja inayovua dagaa usiku kwa taa. Mwaka huo Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, kwa hiyo alikuwa nyumbani, nyavu zimeanikwa, ana muda. Kiingereza chake ni kidogo. Nikamwamkia, akaitikia, akavuta kiti akasema, "Haya mwanangu, nisomee kwa Kiswahili, kimoja kimoja, usiruke."

Nashauri kila mwalimu afanye hivi, hata kama Kiingereza chake ni cha kufundishia. Kifungu usichoweza kumweleza mtu mzima mwenye akili kwa lugha yako, hujakielewa. Nilipofika kwenye mshahara nikasoma: dirhamu 4,500 kwa mwezi. Dirhamu moja ilikuwa ikicheza kwenye shilingi 700, kwa hiyo ilikuwa zaidi ya milioni tatu. Mama alikuwa amekaa pembeni anachambua mchele, akasema alhamdulillahi. Mjomba hakusema hivyo. Aliuliza, "Hiyo ni kabla ya makato au baada ya makato? Kwenye kipe, tajiri anatoa kwanza mafuta, anatoa taa, anatoa chakula, ndipo mnagawana. Mvuvi anayesikia jumla ya mauzo bila kuuliza makato, asubuhi anarudi na ndoo tupu."

Tukarudi kwenye ukurasa. Ile 4,500 ilikuwa imegawanywa: mshahara wa msingi 1,800, zilizobaki posho ya nyumba, posho ya usafiri na kitu kilichoitwa posho nyingine. Mtu akiangalia haraka ataona ni hesabu tu, kwani jumla si ileile? Lakini kule mgeni hana mfuko wa pensheni kama NSSF ninayokatwa hapa. Anachoondoka nacho mwishoni ni kiinua mgongo, na kiinua mgongo hicho hukokotolewa kwa mshahara wa msingi peke yake: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaozidi hapo. Na lazima uwe umetimiza angalau mwaka mmoja. Nikachukua kalamu nikamwonyesha mjomba. Kwa msingi wa 1,800, siku 21 ni dirhamu 1,260 kwa mwaka. Msingi ukiwa 3,000, jumla ikibaki 4,500 hiyohiyo, ni 2,100. Kwa mkataba wa miaka miwili tofauti ni dirhamu 1,680, karibu shilingi milioni moja na laki mbili, na shule haitoi hata senti moja zaidi kwa mwezi. Basi nikaandika swali la kwanza pembeni ya ukurasa.

Swali lake la pili lilitoka moja kwa moja kwenye hali yake ya siku zile. "Shule zikifungwa, mnakula nini?"

Shule nyingi za kule humaliza mwaka mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai na kufungua mwishoni mwa Agosti. Joto la miezi hiyo ni kali mno. Mkataba ulisema malipo ya kipindi cha likizo ndefu yatakuwa "kulingana na sera ya shule," na sera yenyewe haikuambatanishwa. Hapa ndipo walimu wengi wanapoumia, kwa sababu kuna mikataba ya miezi kumi inayovaa nguo ya miezi kumi na miwili. Ukiambiwa mshahara wa mwezi, lazima ujue unazidishwa mara ngapi kwa mwaka. Sheria inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 30 yenye malipo. Miezi miwili ya kiangazi ni zaidi ya hapo, na hizo siku zilizobaki zinatawaliwa na maandishi mliyokubaliana. Kama hakuna maandishi, zinatawaliwa na mkubwa.

Nilibaki na ule mkataba nyumbani siku kadhaa nikiendelea kuupitia peke yangu usiku, watoto wakishalala. Kulikuwa na mambo mengine. Kipindi cha majaribio kilikuwa miezi sita, na huo ndio ukomo unaoruhusiwa na sheria, kwa hiyo hapo sikuwa na hoja. Ila nilitaka kujua nini kitatokea nikiugua katika miezi hiyo, maana likizo ya ugonjwa yenye malipo haianzi mpaka majaribio yaishe. Baada ya hapo sheria inatoa hadi siku 90 kwa mwaka: 15 kwa mshahara kamili, 30 kwa nusu, zinazobaki bila malipo. Mtu anayetoka Kigoma na kuingia nchi asiyoijua aandae akiba ya mwezi mmoja kwa ajili ya hilo. Mimi niliiandaa kwa kuuza simu ya pili na kukopa kidogo kwenye kikundi chetu cha akina mama.

Kifungu kimoja kilisema pasipoti "itahifadhiwa na uongozi wa shule kwa usalama." Sheria yao yenyewe inamkataza mwajiri kushikilia hati za mfanyakazi. Kingine kilisema nikiacha kazi kabla ya mwaka wa shule kwisha nitalipa gharama zote za viza pamoja na mishahara ya miezi miwili. Notisi ni haki ya mwajiri, sibishi. Hata hapa nyumbani ukiondoka bila notisi unalipa. Lakini gharama za viza ni gharama za kuajiri, na hizo ni za mwajiri. Kifungu cha majukumu kilikuwa na mistari mitatu, wa mwisho ukisema "na kazi nyingine zozote atakazopangiwa." Hakikutaja idadi ya vipindi. Sharjah tangu Januari 2022 wana wiki ya siku nne za shule, Jumatatu hadi Alhamisi. Ni jambo zuri kwa mapumziko, lakini linabana ratiba: vipindi 24 kwa wiki, ambavyo hapa tungevitawanya kwa siku tano, kule ni sita kila siku, bado hujahesabu kuwaangalia watoto kwenye basi na kushika vipindi vya mwenzako aliyeugua.

Na tiketi. Mkataba ulisema tiketi ya ndege "kutoka nchi ya asili." Kwa mtu wa Dar es Salaam hilo halina shida. Kwa mtu wa Kigoma, kati ya nyumbani na uwanja wa ndege wa kimataifa kuna zaidi ya kilomita 1,200 za reli, kupitia Tabora na Dodoma, au basi la siku nzima na usiku, au ndege ya ndani ambayo bei yake inaumiza. Nikaandika hilo pia.

Barua pepe niliyowatumia ilikuwa fupi kuliko mtu anavyoweza kudhani. Nilianza kwa kusema nimefurahi na nataka kuja, kisha nikaweka namba ya kila kifungu, nilichokielewa, na ninachoomba kibadilishwe au kifafanuliwe. Sikulalamika na sikueleza hali ya familia yangu. Rafiki yangu mmoja, mwalimu pia, alinionya kwamba nikiuliza sana watampa mtu mwingine. Nilimwelewa, maana nafasi hizi ni adimu kwetu na hofu hiyo ni ya kweli. Lakini nilijiambia kwamba shule inayomfukuza mwalimu kwa sababu ameuliza atalipwa lini, itamfanyia nini akishafika?

Walijibu baada ya wiki moja hivi. Mshahara wa msingi walipandisha hadi 2,250, nusu kamili ya jumla; 3,000 walikataa. Julai na Agosti waliandika wazi kuwa zitalipwa kama miezi mingine kwa mwalimu aliyeanza mwanzo wa mwaka wa shule. Kifungu cha pasipoti walikifuta bila neno lolote, jambo linaloonyesha walijua. Gharama za viza walizifuta, wakabaki na notisi ya siku 60. Vipindi wakaandika 24, na vya kuziba pengo visizidi viwili kwa wiki. Tiketi wakasema ni Dar es Salaam tu. Nyumba wakasema ni ya kushirikiana, walimu wawili, kila mmoja chumba chake, umeme na maji shule inalipa hadi kiwango fulani. Hapo nikawauliza kiwango hicho ni kipi, wakakitaja, nikaomba kiandikwe, kikaandikwa.

Sasa kuna jambo ambalo naona walimu wengi hawalijui. Ule mkataba wa shule wenye kurasa nyingi si ndio wa mwisho. Kule, kabla ya kibali cha kuingia kutoka, mwajiri anatakiwa atoe ofa kwenye fomu ya wizara inayosimamia kazi, yenye namba yake, kwa Kiarabu na Kiingereza, na mfanyakazi aitie saini akiwa bado kwao. Namba hiyo unaweza kuihakiki kwenye mtandao wa wizara. Mkataba unaosajiliwa baadaye haupaswi kuwa na masharti ya chini kuliko ofa ile. Kwa hiyo uzuri wote ulioupata kwenye barua pepe unatakiwa uonekane pale, hasa mshahara wa msingi. Na maandishi mawili yakigongana, Kiarabu ndicho kinachoshinda.

Kiarabu changu ni cha juzuu amma. Nikaenda Ujiji kwa ustadhi aliyenifundisha madrasa utotoni, ambaye alisoma nje miaka mingi na anasoma magazeti ya Kiarabu kila siku. Alivaa miwani, akaweka kidole kwenye safu ya Kiarabu, akaishusha polepole huku mimi nikifuata upande wa Kiingereza. Tarakimu tulizilinganisha moja moja: ٢٢٥٠ upande huu, 2,250 upande ule. Majaribio, sawa. Likizo, sawa. Alipofika mahali pa kazi akasimama. Kiingereza kilitaja Sharjah. Kiarabu kiliongeza "au tawi lolote la mwajiri ndani ya nchi." Shule ile ina matawi, hata Abu Dhabi. Abu Dhabi ni mbali na Sharjah, nyumba na maisha ni tofauti. Niliwaandikia tena. Walisema ni maneno ya kawaida ya fomu, ila wakanipa barua kuwa sitahamishwa nje ya Sharjah bila ridhaa yangu kwa maandishi. Niliikubali hiyo, nikaiambatanisha.

Nilipita pia kwa afisa kazi wa mkoa. Sikwenda kwa shari, nilitaka mtu wa serikali auone mkataba. Aliniambia kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mkataba wa anayekwenda kufanya kazi nje ya nchi uwe wa maandishi, na inataja mambo ambayo mfanyakazi anatakiwa apewe kwa maandishi, kama mahali alipoajiriwa, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, saa za kazi, mshahara na namna unavyokokotolewa. Aliupitia mkataba wangu kwa orodha hiyo. Akanishauri niache nakala tatu: moja kwa familia, moja kwenye barua pepe yangu, na moja niwe nayo mwilini nikisafiri, si kwenye begi la chini. Na niandike namba za ubalozi wetu Abu Dhabi na ubalozi wetu mdogo Dubai kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake.

Vyeti sitavieleza sana. Shahada na matokeo vilianza kwa wakili, vikaenda Wizara ya Mambo ya Nje, vikamalizia ubalozi wa Umoja wa Falme za Kiarabu Dar es Salaam. Cheti cha polisi, alama za vidole, pasipoti. Kila mhuri una bei yake na safari yake. Niliweka risiti zote kwenye bahasha moja, na shule ilinirudishia nusu kwa sababu niliwauliza mapema kama watarudisha.

Nilipofika, yale maandishi yakaanza kufanya kazi yake taratibu. Siku ya pili mtu wa utawala alikuja na bahasha akisema wageni wote waweke pasipoti ofisini. Nikamwonyesha kwenye simu ukurasa ambao kifungu kilifutwa. Akasema sawa, akaendelea kwa mwingine. Wenzangu wawili waliziweka zao na kuzipata kwao baadaye kulikuwa na milolongo. Mshahara uliingia benki kila mwezi kupitia mfumo wa kulinda mishahara ulioanzishwa kule 2009, ambao serikali inaona nani kalipwa na nani hajalipwa. Kwa hilo nawasifu, maana hapa nyumbani nimewahi kukaa na ahadi.

Jambo lililoniuma lilikuwa Juni iliyofuata. Tulikuwa chumba cha walimu, mitihani imekwisha, kila mtu anapanga safari. Dada mmoja kutoka Uganda, mwalimu wa Kemia, mchapakazi kuliko wengi wetu, alirudi kutoka uhasibu amebeba karatasi yake ya mshahara ameikunja mara nne. Aliikunjua mezani. Agosti ilikuwa na sifuri. Mkataba wake ulikuwa na maneno yaleyale, "kulingana na sera ya shule," na sera ilisema mwalimu wa mwaka wa kwanza analipwa likizo ya siku 30 tu. Alikuwa amekwisha kumwahidi mama yake fedha ya matibabu. Aliniuliza mimi nimelipwaje. Nilimwonyesha ile barua pepe ya Mei, akaisoma yote hadi mwisho, akaniuliza, "Uliwaandikia tu hivi?" Alipeleka malalamiko, lakini hakupata zaidi ya zile siku 30. Nilimsaidia nilichoweza. Bado naona haikuwa haki, kwa sababu alifundisha vipindi vilevile nilivyofundisha mimi, na kilichotutenganisha ni swali moja.

Ndiyo sababu wanaponiandikia walimu wa huku kwetu siwaambii "nenda" wala "usiende." Nawauliza mkataba. Hivi karibuni kijana mmoja wa Kasulu alinitumia wa kwenda kufundisha Kiingereza shule ya chekechea China. Mshahara mzuri, picha za shule nzuri, halafu mahali fulani imeandikwa ataingia kwa viza ya biashara. Viza ya kazi ya China ni ile ya herufi Z, na akishafika ana siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Akiingia kwa ile ya biashara na kusimama darasani, anayekamatwa polisi wakija ni yeye. Kijana aliwauliza shule kama wana uwezo wa kuombea kibali cha kazi kwa Mtanzania kwa nafasi hiyo ya Kiingereza. Mpaka sasa wanamjibu kwa picha za shule.

Wenzangu walioajiriwa na serikali wana la ziada, na linanipa wasiwasi kuliko mengine. Wapo wanaotaka kuondoka kimyakimya na kuangalia kwanza kama mambo yatakuwa mazuri. Utoro kazini ni kosa la kufukuzwa, na ajira ya kudumu iliyopotea hivyo hairudi kwa kuomba radhi. Anayetaka kwenda aandike kwa mwajiri wake, aombe likizo bila malipo kama masharti yanamruhusu, asubiri jibu la maandishi, ndipo atie saini ya ng'ambo. Ikishindikana aache kazi kwa utaratibu, akijua anachokiacha.

Mkataba wangu wa miaka miwili umefika mwisho na niko Kigoma kwa likizo. Shule imeniletea ofa mpya. Jumla wameipandisha hadi dirhamu 5,200, lakini msingi wameuacha palepale 2,250. Nimewaandikia juzi kuomba nusu iwe nusu kama mwanzo, yaani 2,600, na tiketi ianzie Kigoma safari hii. Mjomba ameniambia nidai na umeme wote. La umeme sijaliandika, maana kiwango chao kimenitosha miaka yote miwili. Tiketi ya Kigoma naisubiri, na msingi usipopanda nitabaki hapa; ile sekondari yangu ya zamani bado inatafuta mwalimu wa Fizikia, na nimekwisha kuongea na mkuu wa shule kuhusu vipindi.